Nilivyowafungia popo darini, jumuiya ikashuhudia

Mwezi wa kumi ni mwezi wa rozari, na wanaokaa Moshi wanajua jumuiya, kile kikundi cha sala cha wakatoliki wa mtaa, inavyozunguka nyumba kwa nyumba. Zamu ikifika kwako unapiga deki toka alfajiri, unaazima viti, unatandika kitambaa cheupe mezani na mshumaa na sanamu ya Mama Maria. Sasa mwaka juzi tuko kwangu tumefika fumbo la tatu, watu wamefumba macho, nikasikia kitu kinakwaruza juu ya dari ya jipsam, kwaru kwaru kwaru, nikajua panya huyo nikaendelea na Salamu Maria, mara kwenye lile tundu linalopita waya wa taa kikachungulia kipua, kikafuata kichwa, halafu popo mzima akadondoka katikati ya meza na mshumaa ukazimika.

Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni mtu mzima na heshima zake, mi nawaambia tu kwamba ndo alikuwa wa kwanza kufika getini.

Mama mmoja alivua kiatu amponde, mpwa wangu akamzuia. Huyu kijana ni mtoto wa dada yangu, amesoma Mweka, kile chuo cha wanyamapori kilichoanza 1963 huko juu mlimani, na kipindi hicho alikuwa likizo kwangu. Akachukua bakuli la plastiki akamfunika yule popo, akachomoa kalenda ya ukutani akaipitisha taratibu chini ya bakuli, akabeba vyote mpaka nje akaviinamisha kwenye shina la mparachichi. Popo haruki vizuri kutoka chini, anapenda apande kwanza halafu ajiachie. Tukamwangalia anapanda kama mzee mwenye magongo, akatulia, akajiachia, akapotea gizani.

Aliporudi ndani akaniuliza, "Mama mdogo, yale matundu ya juu umeziba lini?"

"Juzi."

"Mchana au usiku?"

"Mchana, kwani fundi anakuja usiku kufanya nini?"

Akakaa kimya. Halafu akaenda kutafuta ngazi.

Nirudi nyuma kidogo. Nyumba yangu iko Rau, aliijenga marehemu baba, bati zake zile za zamani za mawimbi, na popo tumekua nao. Enzi hizo dari ilikuwa ya mbao na hakuna aliyejali, jioni wanatoka fyuu fyuu, sisi tunarusha vijiwe juu tuone wakivifukuzia wakidhani ni wadudu, maisha yanaendelea. Shida imeanza nilipoweka jipsam. Mwaka wa pili tu ikachora ramani rangi ya chai juu ya kitanda changu, na mvua ikinyesha harufu inashuka, harufu ya mkojo wa popo hata siwezi kuifananisha na kitu, inakaa kooni. Nikaweka vidonge vya naftalini, kichwa kikaniuma mimi, popo wako poa. Nikanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi wanachosema kinatoa sauti ya kufukuza wanyama, labda kilifukuza pesa zangu. Ndo mtu akanipa namba ya fundi, jina naliacha. Akaja saa sita mchana na makopo ya fomu, lile povu linaloganda, akapuliza kila mwanya, pembe zote, chini ya kofia ya bati, elfu themanini yangu ikaondoka. "Mama, hapa hata sisimizi hapiti." Na kweli hakupita mtu. Si kuingia, si kutoka.

Kwa sababu popo mchana wako wapi? Wamelala ndani. Yaani mtoto wa darasa la tatu anajua popo anatoka usiku, mimi na akili zangu nimelipa mtu aje awafungie ndani wote saa sita mchana, mwezi wa kumi mwishoni, vuli ndo imeanza, na hawa popo mara nyingi wanazaa mvua zikianza kwa kuwa wadudu ni wengi. Chini ya bati la Moshi mchana ni kikaango. Siku mbili bila maji. Yule wa mezani hakuja kutuharibia ibada jamani, alikuwa anatafuta mlango.

Usiku ule ule mpwa alipanda akatoboa fomu kwenye kona ya upande wa tenki. Mi nikimshikia ngazi nikasikia upepo wa mabawa unanipita usoni, wakatoka kama hamsini hivi, nikasema basi tumeokoa. Hatukuokoa wote. Siku ya tatu nzi wakaanza, siku ya nne sebule haikaliki, siku ya tano jipsam ikaanza kudondosha tone moja moja kitu sitaki kukielezea. Tukakata mbao tatu za jipsam. Waliokufa walikuwa wamejazana kwenye pembe moja ambako ilionekana mwanga kidogo unapenya, wamekandamizana, na katikati yao watoto. Mtoto wa popo hana manyoya, ana rangi ya kidole cha kichanga, na mmoja alikuwa bado amening'inia kwa mguu mmoja kwenye msumari, amekufa hivyo hivyo. Mama yake anazaa mmoja tu kwa mara moja. Nilikaa chini kwenye lile vumbi nikalia, na mi si mtu wa kulilia popo.

Jipsam, rangi, fundi mwingine, ikafika laki tatu na kitu. Kwa elfu themanini niliyotaka kumaliza shida.

Kabla sijafika kwenye njia yenyewe niseme la afya, maana nimeona watu wanawashika popo kwa mikono wapige nao picha. Popo anaweza kubeba virusi jamii ya kichaa cha mbwa. Ni wachache sana wanaoumwa, ila hujui ni yupi. Hapo jirani Kenya mwaka 2007 kuna mtalii mwanamke wa Uholanzi alikwaruzwa na popo mdogo tu usoni, akarudi kwao akaugua, akafariki mwaka huo huo. Na Serengeti kwetu mwaka 2009 waligundua kirusi kingine cha ukoo huo huo, wakakiita Ikoma, kwa fungo aliyekuwa anashambulia. Kwaio ukikwaruzwa au kung'atwa, hata kama kidonda hukioni vizuri, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili ukiangalia saa, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze ilivyokuwa. Usisubiri uone. Na popo akikutwa chumbani alikolala mtoto, muelezeni daktari hilo pia, maana meno yake ni kama sindano, mtoto anaweza asijue. Yale mavi nayo usifagie makavu, kuna fangasi anaingia mapafuni na lile vumbi. Lowanisha kwanza, vaa barakoa na glavu, zoa kwa koleo.

Sasa njia ya kuwatoa, maana waliopona walirudi kwa lile tundu la tenki. Mpwa alisema tusubiri mpaka kiangazi, na hapo ndo mgogoro ulipoanza, kwa sababu kaka yangu alisema hawezi kukaa chini ya mavi miezi nane eti tunangoja popo wamalize uzazi, hii nyumba ya baba au wodi ya wazazi? Lakini dari ilikuwa yangu na hela zangu, nikasubiri. Tulitandika turubai la nailoni juu ya jipsam pale wanapolala, harufu ikapungua, ramani ikaacha kukua. Ndege aina yoyote ukimfukuza anabeba mabawa yake, ila mtoto wa popo anahitaji mwezi na zaidi ndo aweze kuruka (najua popo si ndege, msinianze).

Mwezi wa saba tukaanza na kazi ambayo kwangu ilikuwa tamu kuliko zote, kukaa nje na viti jioni. Saa kumi na mbili na nusu jua likiwa linazama, chai mkononi, kila mtu na upande wake wa nyumba, unaangalia ukingo wa bati. Usiangalie angani, utawakosa. Jioni ya kwanza nilihesabu 118, ya pili 131, na karibu wote wanatoka sehemu mbili, ile kona ya tenki na mwanya mmoja chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, upande wa barabara. Matundu yenyewe, aisee, nilidhani ntaona mlango. Mwanya wa sentimita moja na nusu unawatosha, kidole gumba kikiingia na popo anaingia. Huyu mnyama ana gramu kumi na kitu, uzito wa betri ndogo ya rimoti. Utautambua mlango wake kwa weusi wa mafuta mafuta ukutani, wanavyojipangusa miaka nenda rudi, na mavi chini yake. Mavi ya popo yanafanana na ya panya ila yachukue kwa glavu uyasage, ya panya yanakuwa magumu, ya popo yanavunjika unga na ule unga unametameta, ni mabawa ya wadudu. Hapo nikaelewa kwa nini upande wetu tunakaa nje jioni wakati wenzetu wa karibu na mashamba ya mpunga wanaingia ndani mapema kukimbia mbu.

Baada ya hapo tukaziba nyufa zote zisizotumika, tukaacha ile milango miwili tu. Fomu peke yake haitoshi, panya anaitafuna. Tumetumia ule wavu wa matundu madogo wa kuanikia kahawa, nilikuwa nao roli nusu toka enzi za baba, unaukunja kufuata mawimbi ya bati halafu saruji. Kwenye kona ya tenki tukaweka kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, urefu kama rula, kimeinama kuelekea chini. Popo akitoka anateleza anaachia, akirudi hana pa kushika, plastiki ni laini. Kwenye mwanya wa fisha bodi tukatundika kipande cha neti ya mbu, tumeshikiza juu na pembeni, chini wazi, kinaning'inia kama pazia nusu mita chini ya tundu. Anatambaa chini anatokea. Akirudi anatua pale pale anapoijua harufu yake, kwenye tundu, anakuta neti, akili ya kushuka chini azunguke hana.

Usiku wa kwanza walipotoka nilifurahi mpaka walipoanza kurudi. Alfajiri nilitoka nje, wanazunguka, wanatua kwenye neti, wanatambaa juu, wanaachia, wanazunguka tena. Miaka arobaini ukoo wao umelala hapo. Nilitaka niipande ngazi niitoe ile neti, kaka yangu akanishika mkono akasema dada, mbona kipindi kile hukuwaonea huruma. Maneno yake yalikuwa kweli nikarudi kulala.

Siku saba tukaacha hivyo, si mbili. Kuna wavivu ambao baridi ikizidi hawatoki kila usiku, na mwezi wa saba Moshi mnaujua ulivyo, jua linaweza kupotea wiki. Usiku wa nane mpwa akaingia darini na tochi akakagua pembe zote, kimya, ndo tukaziba milango miwili. Kaka yangu akajenga kasanduku ka mbao ka popo kuhamia akakatundika kwenye mgrevilea. Mpaka leo hakajapata mpangaji.

Toka hapo nimekuwa mtu wa kupigiwa simu mtaani, kila mdudu nauliziwa mimi. Wengi wanataka sumu au mtego, na mimi naanza na swali lile lile, amefuata nini kwako?

Nyoka kwa mfano. Dada mmoja wa Pasua alikuwa anaua nyoka kila mwezi bandani, mwenyewe anasema kuna mtu anamtumia. Nimeenda nikakuta gunia la pumba na chakula cha kuku liko wazi, panya wanatembea mchana kweupe hawana hata aibu. Nyoka ni mteja, hoteli umefungua wewe. Akanunua pipa lenye mfuniko, akaondoa rundo la matofali ukutani, akaweka mpira chini ya mlango, akatulia. Ila nyoka aliyeingia ndani tayari usimsogelee kwa fimbo, toa watu, funga mlango ziba chini kwa taulo, mtu mmoja aangalie kwa mbali amejificha wapi, mpigieni anayejua. Swila anatema sumu anakulenga macho, ikikuingia ni maji mengi hapo hapo kisha hospitali, na msiruhusu bibi yeyote aweke maziwa wala majani.

Tumbili ndo wananishinda kidogo, niseme ukweli. Msitu wa Rau uko karibu na wale jamaa wana ratiba yao, saa tatu asubuhi wanapita wakijua watoto wako shule. Mimi wananitazama tu, tena mmoja ananionyesha meno, ila kaka yangu akitokea na fulana yake wanapotea. Nilichoweza ni kukata matawi yaliyokaribia paa, dramu la taka nimeweka mfuniko wenye kamba ya mpira, mkungu wa ndizi ukianza kunenepa naukata unaivia ndani. Na nimegombana na jirani mwenye wageni wanaowarushia biskuti, maana tumbili aliyepewa biskuti Jumatatu, Jumanne anaifuata jikoni kwangu. Kuna waliowaza kuwatega wakawatupe mbali, Mabogini huko. Kwanza ni wanyama wa serikali, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ipo, unamwona bwana nyama wa halmashauri kabla hujagusa. Pili, tumbili mgeni akiingia kwenye eneo la kundi lingine anaweza kupigwa mpaka afe, na ile nafasi aliyoacha kwako wenzake wanaijaza kabla ya Krismasi.

Wa mwisho ni bundi, huyu sikumtoa. Alikuja stoo ya nje mwaka jana, bundi mweupe mwenye uso kama kopa la karata, usiku anakoroma kama mtu mwenye pumu. Mama mkwe alipokuja akasema nyumba hii ina kifo ndani yake, niite padri au nichome moto. Nikampeleka stoo mchana nikamwonyesha chini ya boriti, kuna vidonge vyeusi vya kutapikwa, nikakipasua kimoja kwa kijiti: fuvu la panya, fuvu la panya, taya, manyoya. Kidonge kimoja, panya wawili. Akaangalia muda mrefu. Akasema sawa, ila asilie nikiwepo. Huwa analia, tena akiwepo, basi mama anaongeza sauti ya redio.

Sasa juzi Jumapili baada ya misa yule mwenyekiti wa jumuiya, yule wa getini, kanisubiri chini ya mti. Kanisalimia vizuri, kauliza hali ya watoto, nikajua kuna jambo. Akasema mama, wale popo wako mbona wamehamia kwangu, na fundi wangu anakuja kesho saa nne asubuhi na makopo.

Nikamwambia mpigie sasa hivi umwambie asije. Jioni nikaenda kwake na kiti changu na ile neti iliyobaki. Mkewe akaleta chai, tukakaa upande wa mashariki tukiangalia ukingo wa bati, yeye na shati lake la kanisani bado, na saa kumi na mbili na dakika arobaini wa kwanza akachungulia. "Huyo," akanong'ona, akaanza kuhesabu kwa vidole.